Presi ya Fundi Paul

Watu wakiniambia Jepkosgei ni mkaidi, mimi huwauliza kama wamewahi kumpangishia chumba. Mimi nilimpangishia, na ukaidi wake nimeula miaka mingi kuliko hata mama yake. Siku hizi watu wa Eldoret wanaotaka lango au mlango wa chuma huja dukani kwangu wakiuliza, "Yule mama wa presi yuko?" Nawaonyesha kichochoro cha kupitia. Hawajui ile presi ilivyofika ilipo, wala siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwepo na nilikuwa sioni.

Duka langu ni la vifaa vya ujenzi. Nyuma yake kuna chumba kimoja cha mawe chenye dirisha pana linalotazama barabara ya nyuma, na mlango mwembamba unaofunguka kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawawezi kupishana. Chumba hicho alikipanga Fundi Paul, miaka kumi kabla ya ile fujo ya uchaguzi. Alikuja na presi yake ya haidroliki. Kwa asiyeijua, ni fremu ya chuma yenye urefu wa mtu, na juu yake kuna jeki. Ukipampu mkono wake, jeki inashuka kwa nguvu ya tani thelathini, polepole, bila kelele. Paul aliitumia kusukuma bushi na beringi, zile pete za chuma za magurudumu, za matrekta ya wakulima. Alikuwa mtu mpole isipokuwa kwa jambo moja: katika chumba chake, hakuna aliyegusa chombo cha mwenzake bila kuomba. Hata kama nyundo iko miguuni pako na mwenyewe amelala, unamwamsha unamwomba.

Jepkosgei alikuja kwake mwaka wa elfu mbili na tatu, ametoka Kaptagat, ametoka tu shule. Kwao, msichana mwenye miguu mirefu kama yake hupewa viatu vya kukimbilia na kuambiwa aende akalete medali. Yeye alikataa viatu, akaomba miwani ya kuchomelea. Baba yake hakusema naye mwaka mzima. Paul alimfundisha kushona chuma kwa moto mpaka mshono wake ukawa unalala vizuri kuliko wa mwalimu, na Paul mwenyewe alikuwa akinionyesha akisema, "Mama Ikra, angalia hii. Mimi siwezi." Fundi gani mwingine umemsikia akisema hivyo?

Kisha ikaingia ile Januari ya elfu mbili na nane. Sitaeleza yote, aliyekuwepo anajua. Nyumba ya Paul, ambaye kabila lake ndilo lililokuwa likiwindwa, ilichomwa siku ya pili. Yeye, mkewe na watoto wakakimbilia uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Sisi tulifunga duka tukakaa ghorofani. Mume wangu Abdirizak alikuwa amepoteza lori moja kwenye kizuizi cha barabarani, na alikuwa ameketi kimya, redio sikioni. Jepkosgei alihamia ndani ya chumba cha kazi akalala pale siku nne, juu ya magunia.

Siku ya nne wakaja vijana, kama ishirini, na galoni ya petroli. Niliwaona kutoka dirishani juu. Walizungumza naye kwa lugha yao, ambayo ni yake pia, na mimi nimeijua kwa kuuza misumari miaka mingi. Walisema wanataka vitu vya yule mtu. Jepkosgei alisimama mlangoni, mikono kifuani, akawaambia: "Hakuna kitu yake hapa. Presi ni yangu. Nilinunua kwake zamani. Choma, uchome ya kwangu, halafu uende umwambie baba yangu."

Waliangaliana. Mmoja alimjua baba yake. Wakaondoka na galoni yao.

Nilishuka nikamkumbatia. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Wale vijana walisimulia, waliosimuliwa wakasimulia, na kabla ya Februari kwisha habari ilikuwa imefika uwanja wa maonyesho, hemani kwa Paul: Jepkosgei amesema presi ni yake. Msichana aliyemfundisha kazi amerithi karakana yeye akiwa hai. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii ulikuwa mdomo uliookoa.

Tangu siku hiyo Jepkosgei alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kama mtoto anavyotaka kunyonya: Paul arudi kwenye kile chumba, aikute presi yake inafanya kazi, na ajue ni yake.

Tatizo ni kwamba kazi haikuwepo. Nani alikuwa na trekta ya kutengeneza mwezi wa tatu ule? Mashamba yalikuwa yamelala. Kisha siku moja akaja mwalimu mmoja, Mwalimu Chelimo, mwanamke mrefu mwenye daftari kwapani. Kamati yao ilikuwa inajenga nyumba za watu wanaorudi, upande wa Plateau. Walitaka milango kumi na sita ya chuma, na walikuwa na sharti.

"Kila mlango uwe shiti moja," alisema. "Sitaki kiungo katikati. Januari walikuwa wanaingiza mtaimbo kwa kiungo, wanapasua mlango kama kopo. Hawa watu wameniambia hawatalala nyuma ya mlango ya vipande."

Sasa elewa ugumu wake. Shiti ya mlango, yaani bamba lake la chuma, lazima ikunjwe kingo zake zote, na ukingo mrefu ni futi saba. Nafasi kati ya miguu ya presi ya Paul ilikuwa futi mbili na kidogo. Jepkosgei alijaribu kuukunja ukingo kwa vipande, huku kidogo, katikati kidogo, kule kidogo. Ulitoka umejikunja kama ukingo wa chapati ya mtu anayejifunza kupika. Mwalimu Chelimo aliuegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama.

"Huu mlango unacheka," alisema.

Jepkosgei hakucheka. Aliomba muda mpaka mwezi wa saba. Mwalimu alipoondoka alichukua tepu akaipima presi, akapima chumba, akaipima presi tena. Akaniambia dawa ni moja tu: kuikata fremu, kuitenganisha miguu, na kuweka boriti ndefu juu na chini, ili shiti nzima ikunjwe mara moja.

"Basi kata," nikamwambia.

"Si yangu, Mama Ikra."

"Lakini wewe ndiye uliyeiokoa!"

"Na si yangu."

Jumapili hiyo alienda uwanja wa maonyesho kuomba ruhusa. Alirudi jioni, uso umefungwa. Paul alikuwa ameketi nje ya hema, na alipomwona aligeuka akampa mgongo. Alimwambia maneno matatu tu: "Kikulacho ki nguoni." Jepkosgei alikaa nyuma ya mgongo huo saa nzima, kisha akarudi.

Nilikasirika. Nikamwambia amweleze ukweli, kwamba alisema vile kwa sababu ya petroli. Akasema mtu aliyepoteza nyumba hawezi kuongezewa kazi ya kukushukuru. Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema huenda.

Jumapili ya pili alienda tena. Mgongo ni ule ule. Jumapili ya tatu alimwambia huo mgongo kwamba anataka kuipanua presi ikunje futi saba, na anaomba ruhusa ya kukata. Bila kugeuka, Paul akauliza, "Utakata wapi?"

Jepkosgei akachukua kijiti, akazunguka mbele yake, akachora kwenye vumbi. Paul akaangalia mchoro. Akafuta mstari mmoja kwa kidole cha mguu, akauchora upya chini kidogo.

"Kata," akasema. "Lakini usiniletee habari yake."

Aliporudi alikuwa anakimbia. Nafikiri ndiyo mara pekee miguu ile ilitumika kama baba yake alivyotaka.

Boriti zilitoka kwenye lile lori lililochomwa. Abdirizak alikuwa amelivuta hadi uani kwetu, na hakutaka liguswe. Alikuwa analitazama kila asubuhi kama mtu anayetembelea kaburi. Jepkosgei alimwomba chasisi yake, ule uti wa mgongo wa lori, wiki mbili. Alimwambia mbele imelegea kwa moto lakini nyuma chuma bado ni kizima, kinalia vizuri kikigongwa. Mume wangu alipochoka alisema, "Chukua, mradi unyamaze." Hakuwa akijua kwamba kutonyamaza ndiyo njia ya Jepkosgei ya kupata kila kitu.

Alikata vipande vinne vya futi nane na nusu. Havikuweza kukata kona ya kichochoro, basi akavipitisha dirishani kimoja kimoja, sisi wawili tukisukuma kutoka barabarani, mimi na buibui yangu nimejaa masizi. Ndani alivipanga viwili viwili, mgongo kwa mgongo, akavishona. Hakushona kwa haraka. Alikuwa akishona inchi mbili upande huu, inchi mbili upande wa pili, kisha anangoja chuma kipoe ili kisivutwe na joto kikapinda. Nilimwambia bolti ziko dukani, atumie bolti. Akasema bolti hulegea, na Paul akirudi hatakuta kitu kinachocheza. Alishona kila mahali. Miguu aliipanua, akaipa vishikizo mbele na nyuma. Ilipokamilika ilikuwa pana kama kitanda cha ndoa na ndefu kuniliko.

Mimi nilikuwa pale. Nilileta chai. Mtu mzima na akili zangu, mfanyabiashara anayepima milango ya watu kila siku, sikuona kitu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Alipampu, jeki ikashuka, kisu kirefu cha chuma alichokifunga chini ya boriti ya juu kikaisukuma shiti ndani ya mfereji uliopo chini, na ukingo ukakunjika vizuri kabisa, katikati tu. Huku na huku mwisho ulibaki wazi. Jeki ilikuwa inasukuma katikati, na ncha za kisu zilikuwa zinainuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona lakini mlango unaona. Aliongeza chuma juu ya kisu, umbo la paa la nyumba, ili kisipinde. Ikapungua, haikuisha. Aliharibu shiti tatu. Aliacha kula vizuri. Niliposema labda tumrudishie Mwalimu kazi yake, aliniangalia nikaona afadhali niende kuuza rangi.

Kilichoponya ni kopo la mafuta ya kupikia. Alilikata vipande vyembamba, akaweka kimoja chini ya mfereji karibu na kila mwisho, kisha viwili, kisha vitatu, ili ncha za mfereji ziinuke kukutana na kisu. Kwa siku tano alikuwa akitoa kipande, akiongeza kipande, akiandika kwa chaki ukutani mwangu. Siku ya tano aliniita. Ukingo ulikuwa umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, futi saba, kama karatasi iliyokunjwa kwa kucha. Nilipiga vigelegele hadi wateja wakaja kuuliza nani kaolewa.

Mwisho wa mwezi wa sita alikuwa amemaliza milango saba. Na ndipo Paul akaja.

Alikuja asubuhi, kwenye lori la Abdirizak lililobaki, mume wangu mwenyewe akiendesha. Huyu mtu anajua kubeba mizigo lakini hajui kubeba habari. Alikuwa amekodiwa tangu juzi na hakuniambia. Paul alikuwa anahama. Ndugu yake alikuwa amempatia mahali Nakuru. Mkewe na watoto walikuwa wanangoja uwanjani na virago vyao, na yeye alikuwa amekuja kuchukua presi.

"Nimekuja kuchukua kitu yangu," alimwambia Jepkosgei. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa amejiandaa kwa vita, ungeona kwenye mabega yake. "Kama unasema ni yako, useme mbele ya Mama Ikra."

"Ni yako, fundi," Jepkosgei akasema. "Ingia."

Paul aliingia. Alisimama mbele ya ile presi na midomo ikaachana. Alizunguka nyuma, akarudi. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa boriti, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akageuka akautazama mlango wa chumba. Akaitazama presi. Akautazama mlango tena.

"Jepkosgei," alisema, "hii kitu inatokea wapi?"

Abdirizak ndiye aliyeanza kucheka, nikamkanyaga. Mlango ni futi tatu. Nje yake ni kichochoro, na mbele ya kichochoro ni ukuta wa jirani. Presi ilikuwa na upana wa futi nane na nusu, imeshonwa kila kiungo, haina hata bolti moja ya kufungua, na dirisha lililopitisha boriti moja moja lisingeipitisha nzima. Msichana wa watu alikuwa ameijenga meli ndani ya chupa. Miezi mitatu alikuwa anapima kila kitu isipokuwa mlango aliokuwa akipitia kila siku.

Niliona uso wa Paul ukibadilika, na niliogopa, kwa sababu nilijua anachofikiri: kwamba imefanywa makusudi. Kwamba hii ndiyo namna mpya ya kusema ni yangu.

"Nitaikata," alisema. "Leta gesi."

"Ukikata, boriti zitapinda kwa moto na hautawahi kuzinyoosha," Jepkosgei akasema. "Hii kitu itatoka ikiwa mzima."

Akainama akachukua nyundo ile kubwa ya kilo saba, akaenda kwenye ukuta chini ya dirisha, na akaupiga.

Ukuta wangu! Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi mtaa wa Kapsoya. "Jepkosgei! Una wazimu? Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Nitakujengea, Mama Ikra," alisema bila kugeuka, na akapiga tena. Jiwe likaanguka barabarani. Akapiga la pili. Machozi yalikuwa yanamtoka na vumbi likiyageuza matope, lakini mikono haikusimama. Alikuwa anapiga kama mtu aliyeamua kwamba mbele ya huo ukuta kuna kitu kimoja tu, na atakifikia.

Paul alimtazama mapigo matano, sita.

"Kwani ulisema presi ni yako au hukusema?" akauliza.

"Nilisema." Nyundo ikatua. "Walikuwa na petroli, fundi. Ningesema nini ingine?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia na mgongo?"

Paul aliketi juu ya gunia. Aliketi ghafla, kama mtu aliyevutwa suruali, na akafunika uso kwa mikono yake miwili. Jepkosgei akainua nyundo tena.

"Wacha," Paul akasema. "Jepkosgei, wacha. Nimeona nyumba zikibomolewa za kutosha mwaka huu."

Nyundo ikashuka, ikatua sakafuni. Nje mawe madogo yaliendelea kuteremka.

"Imebaki milango ngapi?" Paul akauliza.

"Tisa."

Akavua koti. Akamwambia Abdirizak aende uwanjani awachukue mkewe na watoto, lakini asiwashe gari kuelekea Nakuru, awalete hapa kwanza wanywe chai. Ile "kwanza" niliishika kwa meno. Nilienda kupika chai ya watu ishirini.

Milango iliisha kabla ya mwezi wa saba kwisha. Mwalimu Chelimo alipokuja kuichukua, nilisimama barabarani nikihesabu inavyotolewa dirishani, nikapata kumi na saba. Nikafikiri wamekosea. Kumi na sita yote ilikuwa kama ilivyoagizwa, shiti moja, bila kiungo, bila hata tundu la kupitisha kidole. Wa kumi na saba ulikuwa na dirisha dogo lililokatwa upande wa juu, kwa usawa wa macho.

"Huu ni wa nani?" nikauliza.

"Ni wangu," Paul alisema. "Najenga pale pale nilipochomewa."

"Na dirisha la nini, fundi? Baada ya yote hayo?"

Alikuwa anaupangusa mlango kwa kitambaa, na Jepkosgei ameushika upande wa pili usianguke.

"Nikibishiwa hodi, nataka kuona ni nani," alisema. "Nikiona ni jirani, nifungue."